Dobi na Mifugo ya Tangini

Dobi alikuwa na pua ya kutisha. Watu wa mtaa ule husema, na wakisema hutia chumvi bila kipimo, kwamba aliwahi kuinusa shuka ya jirani ikiwa bado kambani akatamka, "Huyu atajifungua mapacha," na mapacha wakaja, tena wakipiga chafya. Hilo liamini au liache. Lisilo na chumvi ni kwamba ukimpelekea nguo zako akufulie, alijua umekula nini, umelala wapi, umeacha kazi gani na umeanza ipi, kabla hujamaliza kumsalimu. Na kwa kuwa Mungu alimpa pua kubwa na mdomo mdogo, wateja hawakumkimbia.

Mumewe aliitwa Mfugaji, na hakuwa na hata kuku. Alifanya kazi ng'ambo ya daraja, kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, pale mabomba yote ya mji yanapomwaga kila tunachokikimbia tukishafunga mlango wa choo. Kuna tangi pale, pana kama uwanja wa shule, na ndani yake wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kula. Mashine huwapulizia hewa mchana na usiku wasikose pumzi, nao hula uchafu wa watu hadi wakashiba, kisha hushikamana, huzama chini kama tope, na maji yanayobaki juu ndiyo huruhusiwa kwenda mtoni. Mfugaji aliwaita mifugo yangu. Siku aliyokwenda kuposa, wazee walimuuliza kazi, akajibu ufugaji. Wakamuuliza mifugo mingapi. "Haihesabiki," akasema, na wazee wakakanyagana miguu kwa furaha chini ya meza. Walipokuja kujua ni mifugo ya namna gani, harusi ilikuwa imekwisha na vyombo vimeoshwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mtaa mzima haukulijua, na mtambo haukulijua. Mfugaji hakuwa na pua. Ile ya usoni alikuwa nayo, ndefu tu, ila ilikufa siku nyingi, baada ya homa moja mbaya. Tangu hapo hakunusa ua wala mzoga. Na kazi yake ilitaka pua kuliko mikono, kwa sababu kile chombo cha kupimia hewa ndani ya tangi kilikuwa kimeharibika na kifaa chake kilikuwa "njiani" tangu zamani. Kwa hiyo asubuhi na jioni mtu wa tangi alitakiwa asimame ukingoni, avute pumzi, aseme. Tangi likiwa na afya hunuka udongo uliopigwa na mvua. Likiugua hunuka mayai viza. Mtu wa tangi asiyejua kutofautisha hayo mawili ana kazi gani pale?

Basi kila jioni Mfugaji alivua ovaroli yake nyuma ya nyumba, akampa mkewe kwa mikono miwili kama anayepokeza mtoto. Dobi aliinua kitambaa hadi usoni, akafumba macho.

"Sema."

"Udongo."

"Wa mvua au wa kaburi?"

"Wa mvua. Kaoge."

Kesho yake Mfugaji alisimama ukingoni mwa tangi, akapanua matundu ya pua mbele ya wenzake kama mtu anayejua, akasema, "Udongo mtupu." Wakaendelea na kazi.

Jioni hadithi hii ilipoanza, Dobi aliinua ovaroli na mkono ukamganda hewani. Haukuwa udongo, wala hayakuwa mayai. Ilikuwa harufu tamu, kali, kama tunda lililopitiliza kuiva likasahauliwa kwenye chumba kilichopakwa rangi mbichi. Aliijua. Asubuhi ile ile aliiloweka kwenye beseni la bluu, lile analolitenga kwa nguo za mdogo wake. Akageuza macho. Shati la mdogo wake lilikuwa kambani, mikono imening'inia, linadondosha maji tone kwa tone.

"Mbona kimya?" aliuliza Mfugaji.

"Udongo," alisema Dobi.

"Wa mvua?"

"Wa mvua. Kaoge, maji yanapoa."

Akamsikia mumewe anaingia bafuni na kuanza kuimba. Alikuwa na sauti mbaya, na alikuwa na furaha.

* * *

Mdogo wake alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo. Ndiye kitindamimba wa mama yao. Dobi alimbeba mgongoni hadi watu wakadhani ni wake. Alihangaika miaka bila kazi ya kueleweka, na alipolipata gari lile alilipiga picha. Watu hawakumpa mkono, mwenye nyumba wake alimkataza kuanika nguo uani, lakini yeye alikuwa na kitambulisho shingoni na honi ya kupiga. Nguo zake zilifuliwa na dada yake kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuzigusa.

Alikuja kesho yake mchana kuchukua shati.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Juzi ulinyonya choo cha nani?"

"Ndiyo salamu hizo?" Dereva alicheka. "Dada, vyoo vyote ni ndugu. Ukikijua kimoja umevijua vyote."

"Choo hakinuki tunda bovu na rangi."

Kicheko kikakatika. Dereva akatupa jicho mlangoni. "Shemeji yupo?"

"Yuko kazini kwake. Sema na mimi."

Akasema, huku akikuna shingo. Kulikuwa na karakana ya kuosha mapipa. Mapipa yaliyotoka viwandani, yaliyowahi kubeba rangi, gundi, dawa ambazo hata majina yake hayatamkiki, yalioshwa pale yakauzwa kwa watu wa kuhifadhia maji. Maji ya kuoshea yalikuwa yanamwagwa mtaroni hadi majirani wakapiga kelele. Sasa tajiri wa karakana alikuwa amechimba shimo, na shimo likijaa humwita Dereva. Getini pa mtambo Dereva husema amebeba choo cha nyumba ya kupanga. Mlinzi hushika pua, humpungia mkono apite, na yeye humwaga pale magari yote ya vyoo yanapomwagia.

"Ni maji na sabuni, dada. Na rangi kidogo. Ningemwaga mtoni ungenilaumu, na mimi mwenyewe ningejilaumu. Sasa nimeyapeleka mahali panaposafishwa uchafu, kosa langu nini? Mtambo si kazi yake kusafisha?"

Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa. Hilo ndilo lililomuuma Dobi.

"Haulishwi kila kitu," alisema. "Mle ndani kuna viumbe. Ukiwapa choo wanakula. Ukiwapa thina, ile ya kuyeyushia rangi, wanakufa."

"Mifugo ya shemeji?" Dereva alitabasamu. "Na wewe mpaka leo unaiamini ile hadithi ya posa?"

"Tazama uso wangu uone kama nacheka."

Akautazama. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi, na ghafla alikuwa tena mtoto wa mgongoni.

"Usimwambie shemeji. Akijua itabidi aseme kazini. Wakimfuata tajiri, atasema hanijui, hajawahi kuniona. Atakayelala ndani ni mimi. Nitaacha, dada. Haki ya mama nitaacha."

Dobi alilikunja lile shati, kola juu, mikono nyuma, kama alivyolikunja siku zote. Akampa.

* * *

Dereva aliapa kweli na akavunja kiapo kweli. Shimo la tajiri halikujua kiapo; lilijaa. Tajiri alimwambia madereva wasio na kazi wako wengi, tena wanangojea hapo nje ya geti, akamwonyesha kwa kidole. Siku chache hazikupita ovaroli ikaja na ile harufu, nzito kuliko ya mwanzo, hata Dobi akaisikia kabla mumewe hajaingia uani.

Mfugaji hakuivua. Alikaa kwenye kizingiti na buti zake.

"Povu limepanda," alisema. "Jeupe. Limefunika hadi njia tunayopita, unatembea kama uko mawinguni. Nimechota maji kwenye jagi niyaache yatulie, tope halikai chini. Linaelea tu kama moshi. Mashine zinapuliza hewa lakini hakuna wa kuivuta."

Dobi aliendelea kusugua kola ya mtu.

"Mhandisi akaja. Unamjua, yule binti mdogo, ana adabu kama kalelewa na bibi. Akaniambia, 'Mzee wangu, jana uliniambia harufu ni nzuri.' Nikasema ndiyo. 'Na leo?' Nikasimama ukingoni. Nikavuta pumzi." Alisugua buti moja kwa nyingine. "Nikasema udongo. Nikageuka. Wote walikuwa wameziba pua, mke wangu. Yeye na vijana wote, wengine wamevuta shati hadi machoni. Mmoja akacheka, halafu hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka."

"Mhandisi alisema nini?"

"Hakusema. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta anaongea na ukuta." Akavua ovaroli, akamnyoshea. "Leo niambie taratibu. Kuna nini humu? Nikijua ni kitu gani naweza kwenda kumwambia, hata kama nimechelewa."

Dobi alifuta povu mikononi. Akaipokea. Akaiinua. Kwa mara ya kwanza tangu waoane akaivutia pumzi kwa mdomo.

"Nina mafua," alisema. "Sinusi kitu."

Mfugaji aliinamisha kichwa, akayameza maneno hayo kama kidonge bila maji. "Kama na wewe una mafua," alisema, "basi mimi nimekwisha." Bafuni hakuimba.

* * *

Mama yao alikuwa akiishi upande wa chini wa mto, pale unapokata kona, kwenye kitongoji cha watu wanaolima mboga ukingoni. Alikuja mjini mwenyewe, kwa miguu, bila kutuma habari, na alipofika hakumwitikia mkwewe salamu. Alikaa kwenye mkeka akaweka mikono magotini. Ilikuwa imetoka vipele hadi viwikoni.

"Mto umebadilika," alisema. "Povu linakuja asubuhi linakwama kwenye matete kama sufi. Samaki wadogo wamegeuka matumbo juu. Mboga zimeungua majani. Watoto wakioga wanajikuna hadi damu." Akamgeukia Mfugaji sasa. "Miaka yote nimejisifu kwa watu. Nikawaambia, kunyweni, mkwe wangu yuko juu huko, anatulindia. Leo wananiuliza mkweo amelala au amekufa, nami sina cha kuwajibu. Kesho wanakuja getini kwenu. Nimekuja kukwambia mapema, usije ukasema mama mkwe alikuja na kundi la watu kukuaibisha."

Mfugaji alikuwa amesimama mbele yake kama mwanafunzi. "Mama, sijalala. Kuna kitu kinaingia. Sijui ni nini."

"Usipojua wewe ajue nani?"

Mfugaji akaomba ruhusa, akatoka nje, na kupitia dirishani Dobi alimwona anasimama tu, anautazama ukuta wa jirani.

"Mama, unamwonea," alisema Dobi.

"Namwonea? Basi nionyeshe wa kumlaumu." Bibi yule alivuta kanga yake mabegani. "Mwanaume mwenye akili katika nyumba yetu ni mdogo wako peke yake. Yeye hakungoja kuambiwa. Aliona nateka maji kila siku na mgongo huu, akaniletea pipa. Pipa zuri, la bluu, lina kifuniko. Nateka mara moja, natumia wiki nzima. Napikia, nakunywa."

Dobi aliacha alichokuwa akifanya. "Pipa amelitoa wapi?"

"Kazini kwa rafiki yake huko, wanayaosha. Zawadi, hakuuziwa. Mwanzoni maji yalikuwa na utamu utamu fulani, nikadhani labda ndivyo mapipa ya kisasa yalivyo. Sasa nimezoea. Kichwa tu ndicho kinanigonga."

Sasa, msomaji, huyu Dobi alikuwa mwanamke wa kupiga hesabu zake polepole. Siku zote zile alizibeba mizani mbili kichwani, mdogo wake na mumewe, akiongeza hapa na kupunguza pale, akitafuta njia ambayo hakuna atakayeanguka. Alisogea kwenye mkeka, akashika mikono ya mama yake, akaileta usoni kana kwamba anataka kuibusu. Chini ya jasho, chini ya moshi wa kuni, chini ya vipele, ilikuwepo: tunda bovu na rangi mbichi.

Mizani ikaanguka chini.

"Mama, lile pipa limwage."

"Limwagwe kwa nini? Mwanangu kanipa!"

"Limwage leo. Ukifika nyumbani kabla hujakaa. Usinywe hata tone."

"Wewe," mama yake alimtazama kwa macho membamba, "tangu utoto ulimwonea wivu mtoto huyu, au nasema uongo?"

"Nilimbeba, mama. Sikumwonea wivu. Mgongo huu ndio uliombeba." Akaiachia mikono ya mama yake. "Limwage tu."

* * *

Watu wa kona ya mto walifika getini asubuhi, wengi kuliko ilivyotarajiwa, wengine na mboga zilizoungua, mmoja na samaki kwenye mfuko wa plastiki ambaye alijitangaza mwenyewe bila kuonyeshwa. Hawakuwa na fujo. Walisimama tu. Mhandisi alitoka ofisini akasimama mbele yao bila kujificha nyuma ya mlinzi, na pembeni yake, hatua moja nyuma, alisimama Mfugaji.

"Tunachokijua ni hiki," alisema Mhandisi. "Tangi limeuawa. Kuna sumu imeingia, na sampuli tumezipeleka maabara. Majibu bado. Nawaomba msitumie maji ya mto hadi niwaambie mwenyewe."

"Na mtu wa tangi alikuwa wapi?" mtu aliuliza.

"Huyo hapo," mwingine alidakia. "Mfugaji! Umefuga nini, baba, mapovu?"

Kicheko kidogo kikapita. Mfugaji alitazama buti zake. Mhandisi alifungua kinywa kumtetea, na ilionekana wazi hakuwa na neno la kumtetea nalo. Mtu aliyesema udongo mbele ya tangi linalooza, utamwelezaje?

Dobi alipita katikati ya watu akiwa na beseni kichwani, na watu walimpisha wakidhani amekuja kuteka maji. Alilishusha mbele ya Mhandisi. Ndani kulikuwa na ovaroli ya mumewe na shati la mdogo wake, alilolileta tena jana kufuliwa, nguo zote mbili kavu, hazijafuliwa.

"Binti yangu," alisema, "mume wangu hana pua."

"Mke wangu," alisema Mfugaji kwa sauti ya chini. "Hapana."

"Hana pua tangu alipougua. Anayenusa ni mimi. Kila jioni ananiletea ovaroli, ninamwambia, naye anawaambia ninyi. Hakuwahi kukosea kwa sababu sikuwahi kumdanganya. Safari hii nimemdanganya. Nilisema udongo, na haukuwa udongo." Aliinua shati kwa ncha ya vidole. "Ilikuwa hii. Nusa hii, halafu nusa ile."

Mhandisi alichuchumaa. Akanusa moja, akanusa nyingine. Akarudia. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyekuwa na swali kwa muda mrefu na sasa anaogopa jibu.

"Nilihisi ni kiyeyushi," alisema. "Cha rangi au gundi. Lakini sikujua kinapitia wapi, viwanda vyote nimevizungukia. Shati la nani hili?"

Dobi hakuhitaji kujibu. Honi ilipigwa nyuma ya watu. Gari la kunyonya vyoo lilikuwa limefika getini na mzigo wake, na watu walipojigawa kulipisha, Dereva aliona beseni, akaona shati lake mkononi mwa dada yake. Angeweza kurudi kinyumenyume. Alizima injini.

Mhandisi alikwenda mwenyewe nyuma ya gari, akalegeza valvu kidogo, na majimaji yakadondoka kwenye vumbi: zambarau, yanang'aa kama shingo ya njiwa. Hakuna aliyehitaji pua ya Dobi. Utamu ule ulitambaa getini hadi watu wa mwisho wakarudi nyuma.

"Hiki si choo," alisema Mhandisi.

Dereva alishuka. Alimtazama shemeji yake, akayakwepa macho yake. Akamtazama dada yake.

"Dada. Nilikuomba usiseme."

"Na wewe uliapa haki ya mama," alisema Dobi. "Na mama anakunywa kwenye pipa lako."

Alikuwa hajui kwamba pipa lilibaki na sumu. Hilo kila aliyekuwepo pale atakuapia. Alisimama kwanza kama asiyesikia, kisha akayatazama yale majimaji chini, kisha viatu vyake vilivyolowa, na rangi ikamtoka usoni. Aliketi kwenye ngazi ya gari lake na kuufunika uso kwa ile kofia. Mlinzi alipokuja kumshika mkono alimwambia taratibu, kwa adabu, "Ngoja kidogo, kaka, nitakuja," naye mlinzi, aliyempungia mkono apite mara zote zile, akangoja.

* * *

Tajiri wa mapipa alisema hamjui, hajawahi kumwona. Hata hivyo karakana ilifungwa, kwa sababu zambarau ile ilikuwa imejaa shimoni na haikuweza kukana.

Tangi lililokufa halifufuki kwa maneno. Ilibidi tope hai litafutwe kwenye mtambo wa mji mwingine, mifugo ya kuanzia upya, na lisafirishwe haraka kabla halijakosa pumzi likafia njiani. Gari lenye tangi kubwa la kutosha lilikuwa moja tu mjini, nalo lilikuwa limezuiliwa, na dereva wake alikuwa nje kwa dhamana akingoja kesi. Mhandisi aliomba ruhusa huko juu. Gari likasuguliwa ndani kwa siku kadhaa, na Dereva ndiye aliyelisugua, amejifunga kitambaa usoni, anatoka, anatapika, anarudi. Kisha akaendesha. Alikwenda na kurudi, akamwaga tope lile jeusi kwenye tangi huku Mfugaji akielekeza bomba. Shemeji kwa shemeji, hawakusemezana. Safari ya mwisho Dereva alikabidhi funguo na kitambulisho. Baadaye hakimu alimfungia leseni na kumpa kifungo cha nje. Akahamia kule chini mtoni kwa mama yake, na mtaani kwa dada yake hakukanyaga.

Chombo cha kupimia hewa kilipata kifaa chake, maana aibu ina mbio kuliko barua. Mfugaji hakufukuzwa. Mhandisi alimhamishia kwenye chujio, pale mwanzo kabisa, ambako mabomba yanaleta matambara, nywele, viatu na kila kitu kisichopaswa kuwa chooni, naye huvivuta kwa reki. Wenzake walisema ni mahali pekee duniani ambapo mtu asiye na pua anaonewa wivu. Alicheka nao. Tangini hakurudi.

Nyumbani ilichukua muda. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye msumari mwenyewe, akaenda kuoga bila kumpa mtu.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema jioni moja, wakiwa wamekaa bila taa. "Kabla ya watu wote wale."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Mfugaji alifikiri kwa haki. Alikuwa mtu wa haki. "Ningenyamaza," alisema. "Ni ndugu yako. Ningemeza."

"Ndiyo maana."

Beseni la bluu lilikaa limepinduliwa ukutani. Dobi alifua nguo za mtaa mzima, akajua siri za mtaa mzima, lakini kuhusu mtu mmoja hakujua amekula nini, amelala wapi. Mama yao alipokuja alisema kidogo. Vipele vimekauka. Kichwa bado kinagonga siku nyingine. Povu halionekani tena kwenye matete. Watoto wanaingia majini hadi magotini, ingawa bado wanapigwa wakionekana. Samaki? Bado. Labda wadogo wadogo, lakini yeye macho yake si ya kuaminiwa.

Halafu siku moja, mvua zilipokuwa zimekaribia, mama yao alikuja na furushi la gazeti kwapani.

"Kanipa nikuletee," alisema. "Hakusema neno, na mimi sikumuuliza."

Dobi alifungua. Lilikuwa shati, lile lile, chafu, limekakamaa hadi linasimama lenyewe. Akalibeba hadi nyuma ya nyumba. Alikaa nalo magotini kabla ya kuthubutu, kisha akaliinua usoni na kufumba macho. Jiwe lililopasuliwa. Vumbi jeupe la kokoto. Jasho la mtu anayepiga nyundo juani kutwa, moshi wa kuni wa jiko la mama, na chini kabisa, kwenye kwapa, maji ya mto. Maji tu, hayana utamu.

Hakusikia mumewe alipoingia uani. Mfugaji alisimama, akaliona shati, akalitambua. Akavua ovaroli yake pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya getini akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Niko kwenye chujio siku hizi," alisema, kama anayeomba radhi. "Lakini leo nimepita ukingoni mwa tangi. Nimesimama kidogo."

Dobi aliipokea. Akaiinua. Alikaa nayo muda mrefu.

"Sema," alisema Mfugaji.

"Udongo."

"Wa mvua au wa kaburi?"

"Wa mvua," alisema Dobi. Aliinama, akalipindua beseni la bluu, akalijaza maji, akazitumbukiza nguo zote mbili humo humo kwa pamoja.